Mgomba Uliozikwa Mahali Pangu

Kaburi langu liko upande wa kushoto wa nyumba yangu, na mimi mwenyewe ndiye ninayelipalilia. Wageni wakija huku Nyansiongo huona mgomba mzuri uliosimama peke yake karibu na ukuta, wakausifu, nami huwaambia asante. Wanaojua habari zake hupita mbali kidogo.

Ninaandika haya kwa sababu wanawake wawili wamekuja kwangu mwaka huu, kila mmoja na barua ya daktari ya kwenda Nairobi kuchomwa kichwa kwa mionzi. Waliniuliza ikoje. Niliwaeleza nilivyoweza, kisha nikaona afadhali niandike, maana kuna mambo ambayo sista wa wodi hatakwambia. Ninaandika pia kwa sababu shemeji yangu Ombati bado yuko hai na anajua kusoma. Mchungaji ameniuliza mara tatu kama nimemsamehe, na mara zote tatu nimemwambia ukweli.

Mimi ni Kerubo, mke wa Nyakundi, mama wa Moraa. Mume wangu alipata shamba hapa ardhi ya wazungu ilipogawanywa, tukahama kutoka Gesima na ng'ombe wawili na godoro moja. Tulipanda chai, tukaongeza ng'ombe wa gredi, tukajenga nyumba ya mabati. Ombati ni kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye alibaki Gesima. Siku za soko aliuza ndizi Daraja Mbili, na Sabato aliketi kiti cha mbele kama mzee wa kanisa. Barua zetu zote zilipitia sanduku lake la posta mjini Kisii. Hakunipenda tangu mwanzo. Alitaka Nyakundi amwoe Kwamboka, mdogo wa mke wake, ili shamba letu liwe chini ya mkono wake. Nilipozaa mtoto mmoja tu, tena msichana, akaanza kusema waziwazi kwamba nyumba ya ndugu yake haina mwanamke.

Kichwa kilianza wakati wa masika. Kiliniamsha kila asubuhi kabla ya saa ya kukamua, nikatapika maji matupu, na jua likipanda kinapoa. Halafu mkono wa kushoto ukaanza kuniasi. Nilikuwa nikichuma chai, mkono wa kulia unajaza kikapu, wa kushoto umeshika jani moja tu kwa muda mrefu, hauliachi wala hauling'oi. Niliucheka. Nikauchapa kama mtoto mvivu. Siku nilipodondosha ndoo ya maziwa mara mbili, Nyakundi aliichukua akamalizia kukamua mwenyewe. Wiki iliyofuata nilianguka kanisani nikitetemeka, na wanawake walinishikilia ulimi kwa kijiko.

Ombati ndiye aliyesema nipelekwe kwa omobari. Asiye wa kwetu aelewe: Kisii tuna wazee wanaopasua kichwa. Mtu akipigwa rungu au akianguka kutoka juu ya mti, omobari humfungua ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu taratibu, na wengi nimewaona wakitembea na makovu yao hadi uzeeni. Mimi nilikubali. Maumivu yale yangenifanya nikubali chochote.

Yule mzee aliniketisha juani, akapapasa kichwa changu kote kwa vidole, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Huyu amegongwa?" akauliza.

"Hapana," akasema mume wangu.

"Ameanguka?"

"Ameanguka kanisani, lakini kichwa ilikuwa inauma tangu mbele."

Mzee alivifunga visu vyake kwenye ngozi bila kuvitumia. "Hii si kazi yangu. Mimi nafungua mtu ameumizwa kutoka nje. Ya huyu iko ndani, mbali. Mpelekeni hospitali, na msikae."

Wengi huwacheka wazee hawa. Mimi siwacheki, kwa sababu wa kwanza kunionyesha njia ya kupona alikuwa yeye, na alikataa hata kuku tuliyemletea. Lakini Ombati alisikia jambo jingine kabisa. Tukiwa njiani kurudi, mimi nikiwa katikati yao, alimwambia mume wangu, "Kama omobari amekataa, huyu ni wa kuzika. Anza kufikiri juu ya mtoto."

Nilikuwa nasikia vizuri. Ugonjwa ulikuwa kichwani, masikio yalikuwa mazima.

*

Nairobi walinipasua wakatoa uvimbe kiasi walichoweza. Uliobaki, daktari alisema, ungechomwa kwa mionzi mara thelathini, siku tano kwa wiki, halafu nyumbani ningemeza vidonge vikali vya kuumalizia. Nyakundi alikaa mpaka nilipoweza kuketi na kushika kikombe. Kisha akarudi, kwa kuwa ng'ombe hawangoji, na Moraa alikuwa na miaka minane tu.

Chumba cha kungojea kilikuwa chini ya ardhi, mwisho wa korido isiyo na dirisha. Mabenchi mawili yalielekeana, kwa hiyo kila mtu aliangalia ugonjwa wa mwenzake. Wote tulikuwa tumechorwa kwa wino wa zambarau: huyu shingoni, yule kifuani, mimi pande zote mbili za kichwa. Tulikatazwa kuuosha. Mashini ilikuwa moja na sisi wengi, na ikiharibika tuliambiwa turudi kesho. Nakushauri uende na kitu cha kufanya kwa mikono. Mimi nilifuma kitambaa kibaya sana, kwa sababu ya ule mkono wa kushoto, lakini kilinizuia kuhesabu mlango umefunguliwa mara ngapi.

Ukiingia, unalala chali juu ya meza ngumu. Wanakuwekea mifuko ya mchanga huku na huku ili kichwa kisitikisike, kisha wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, unabaki wewe na mashini. Haiumi. Nilitegemea moto, nikasikia mvumo tu, na harufu kidogo ya nguo iliyopigwa pasi. Yanayouma huja baadaye. Ngozi ya nyuma ya sikio inakuwa nyeusi na kupasuka, chakula kinakuwa na ladha ya chuma, na unashikwa na usingizi wa kukuangusha ukiwa umekaa. Usiuogope usingizi huo. Mimi niliulilia siku mbili nikidhani ndio mwisho.

Jirani yangu wa benchi alikuwa Mama Atieno, mwuza samaki kutoka upande wa ziwa, mwenye uvimbe kooni. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona, na bado alizungumza kutwa nzima.

"Wewe Mkisii," aliniambia siku ya kwanza, "hiyo mashini huwezi kuibembeleza. Lala, funga macho, fikiria kitu moja tu unaitaka."

"Wewe hufikiria nini?"

"Omena ya kukaanga. Na nyanya mingi."

Mimi nilifikiria kizingiti cha nyumba yangu. Nilitaka kuingia tena kwa mguu wangu kabla mwanamke mwingine hajawasha moto pale ndani. Nilimwomba Mungu hilo tu, na nilimwomba kila siku.

Nywele zilianza kutoka siku ya kumi na mbili. Niliamka nikakuta nusu ya kichwa imebaki kwenye mto. Nililia, sitaficha. Mfagiaji alipokuja na fagio lake, niliteremka kitandani nikapiga magoti, nikaziokota zote, unywele mmoja mmoja, kabla hajazifikia. Bibi yangu alinifundisha kwamba nywele za mtu haziachwi ugenini, anaweza kuziokota mwenye nia mbaya akazifanyia kazi. Niliyasoma maandiko, nilibatizwa mtoni, na bado nilipiga magoti kwenye saruji nikiokota nywele. Nilizifunga kwenye kile kitambaa nilichofuma.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu. Kulikuwa na mtu wa kwetu, Makori, mfanyakazi wa reli, aliyekuja kuniona Jumapili. Alikuwa anaenda nyumbani likizo. Nilimpa kile kifurushi ampe mume wangu, kiwekwe ndani ya sanduku langu mpaka nirudi. Sikufikiri. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili ukashindwa kuletwa, huletwa kitu chake, nguo au nywele, na nyumbani huzikwa mgomba mahali pake, na kile kitu juu ya mgomba. Nywele zikifika bila mwenyewe, hakuna anayehitaji kuuliza. Mimi niliyejua hayo tangu utotoni nilimtuma mtu na nywele zangu nikamwambia safari njema.

*

Makori alirudi nikiwa nimechomwa mara ishirini na moja. Alinikuta benchini, akasimama pale na kofia mkononi, akanitazama kama mtu anayehakikisha.

"Mama Moraa, umekula?"

"Nimekula. Habari za nyumbani?"

Alikaa. Akasimama tena. "Mimi nilipitia Daraja Mbili nikakuta shemeji yako. Akasema ananisaidia kufikisha ile mzigo, kwa sababu anaenda huko kesho. Nikamwambia vizuri kabisa: hii ni nywele ya Mama Moraa, imeanguka kwa sababu ya mashini, yeye mwenyewe ako sawa, iwekwe. Nilimwambia mara mbili. Akaitikia." Akaizungusha kofia mkononi. "Sasa jana kwa stendi ya Kisii nikakutana na mama wa Gesima. Ananiambia pole kwa msiba. Nauliza msiba gani? Ananiambia ametoka kwa matanga yako."

Sikuelewa mara moja. Mama Atieno ndiye aliyeelewa, akanishika goti.

"Wamekuzika wiki iliyopita," Makori akasema. "Na wanasema huyo msichana, Kwamboka, ataletwa kwa nyumba mwezi ukiisha. Mtoto asikae bila mama."

Niliinuka. Nilitaka kwenda stendi vilevile, na gauni la hospitali na wino kichwani. Daktari alitoka kwa kelele zangu. Nilimwambia lazima niende nyumbani leo, nimezikwa. Alikuwa mtu wa mbali, sijui alichoelewa, lakini alinijibu kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba zimebaki tisa, na nikikata katikati, kile kilichobaki kichwani kitaamka na hatakuwa na kitu kingine cha kunipa.

Mara tisa zilikuwa karibu wiki mbili. Ningerudi siku ile ningeiokoa nyumba, na mwezi wa pili au wa tatu wangenizika kweli, naye Kwamboka angeingia juu ya kaburi halali. Ningebaki, huenda ningekuta moto wa mtu mwingine jikoni kwangu na mtoto wangu akimwita mtu mwingine mama. Makori hakuwa na likizo nyingine. Niliandika barua mbili kwa mume wangu nikazituma, huku nikijua zinaingia kwenye sanduku la nani. Hazikujibiwa.

Nilikaa kitandani nikijiuliza nimchukie nani kwanza. Mume wangu aliyekubali? Mungu? Mimi mwenyewe na kitambaa changu? Mama Atieno alikuja akaketi miguuni pangu.

"Mimi sina nguvu ya kukasirika tena," alininong'oneza. "Koo hii imemaliza yote. Wewe unayo. Basi usimwagie kila mtu. Peleka kwa mmoja."

Nilimpelekea Ombati. Wengine watakwambia uombe, na uombe. Lakini mimi nitakwambia pia kitu ambacho hakisemwi kanisani: hasira ilinibeba. Nililala chini ya mashini siku ya ishirini na mbili nikamfikiria amekaa kiti cha mbele na Biblia yake. Siku ya ishirini na tatu nilimfikiria akila kwenye matanga yangu. Ngozi ilipasuka, nikatapika kwenye ndoo ya mfagiaji, na nilikula uji wote waliouleta, hata ule wenye ladha ya chuma, kwa sababu Ombati alitaka nisiule. Sista alisema hajawahi kuona mgonjwa anayekula kwa uso mkali hivyo.

Mama Atieno alimaliza zake kabla yangu. Alinifunga kichwa kwa leso yake ya njano, akanikagua. "Sasa unafanana na mtu anaenda kudai kitu," akasema. Sikumwona tena, na leso bado ninayo.

*

Nilifika nyumbani mvua za vuli zikianza. Wanawake waliokuwa wakichuma chai kando ya barabara waliinua vichwa, wakaniona, wakaviacha vikapu. Mmoja alimwita Mungu kwa kelele, "Nyasae!" na wote wakatoweka upande wa mto. Sikuwalaumu. Nilizidi kutembea.

Moraa alikuwa uani akianika kuni. Hakukimbia. Alinitazama, akaja mbio akagonga kichwa chake tumboni mwangu, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Niliwaambia ni nywele tu."

Nyakundi alitoka zizini na debe la maziwa. Nilivua leso. Kichwa changu kilikuwa kipara chenye kovu na madoa ya wino. Chake nacho kilikuwa kimenyolewa chote, kwa kuwa kwetu mjane hunyoa. Tukabaki tumesimama pale, vipara viwili, na katikati yetu tuta la udongo mpya. Alianza kulia kwa sauti, debe likamwagika lote, na mimi niliyepanga maneno ya kumwambia tangu Nakuru nilijikuta nacheka. Hasira juu yake ilinirudia baadaye, na ilikaa miezi. Mtu wako akikuamini umekufa kwa urahisi, hilo haliishi kwa siku moja.

Jikoni nilimkuta Kwamboka akifagia. Alikuwa ameletwa siku mbili kabla, kuzoea. Sufuria yake ilikuwa mekoni, lakini moto ulikuwa haujawashwa. Aliponiona aliangusha ufagio.

"Mama, mimi niliambiwa nyumba ni tupu," akasema.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Basi chukua sufuria yako, mwanangu. Sina neno na wewe." Akaichukua, akaniamkia kwa heshima, akaenda kwao kwa miguu. Ameolewa Gesima na mtu mzuri, na akinikuta sokoni hunibebea mzigo.

Niliwasha moto mimi mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

Siku hiyo ndipo nilipoelezwa ilivyokuwa. Ombati alikuja na kile kitambaa, akakiweka mezani mbele ya mume wangu, akakifungua, akavua kofia. Hakusema neno. Nyakundi alianguka chini, wanawake wakapiga mayowe, na Ombati akatoka kwenda kutafuta mgomba. Mume wangu alipozinduka na kuuliza habari ya mwili, aliambiwa na kaka yake kwamba watu waliochomwa na ile mashini hawarudishwi, serikali huwazika hukohuko. Moraa peke yake ndiye aliyesema nywele haziwezi kufa, na akachapwa.

Wazee walikuja kesho yake, na Ombati katikati yao. Alinipa mkono. Sikuupokea.

"Shemeji, tumshukuru Mungu," akasema. "Ilikuwa makosa. Mimi sikusema umekufa. Uliza mtu yeyote hapa. Nilisema umekufa?"

Walitazamana. Kweli hakuwa amesema.

"Makori alikwambia nini Daraja Mbili?"

"Makori alikuwa na haraka. Alinipa tu kitambaa."

Lilikuwa neno lake dhidi ya la Makori, na Makori yuko Nairobi. Wazee walitaka achinjwe mbuzi, mimi niingie nyumbani kwa mlango wa nyuma kama anayezaliwa, na mgomba ung'olewe na kutupwa mbali. Niliwaambia nimekwisha kuingia kwa mlango wa mbele na hakuna aliyekufa. Kuhusu mgomba, nikawaambia waangalie. Kwa haraka yake Ombati hakukata shina peke yake kama ilivyo desturi. Aliung'oa na mizizi yake, akaufukia hivyo hivyo. Katikati ya tuta kulikuwa na chipukizi lenye majani mawili, limekunjuka juu ya nywele zangu.

"Huo usiguswe," nikasema.

"Kwa nini?" akauliza Ombati, na kwa mara ya kwanza niliiona hofu usoni pake.

"Nataka kuona utazaa nini."

*

Vidonge vilikuja kwa dozi sita, moja kila baada ya wiki sita, na kabla ya kila dozi nilikwenda hospitali ya misheni kutolewa damu. Damu ikiwa dhaifu unaambiwa rudi nyumbani ungoje, na kungoja huko ni kubaya kuliko dawa. Kwa ushauri: meza ukiwa umekula kidogo, weka ndoo karibu, na mwambie kila mtu akuache. Siku ya kwanza ni ya kutapika, ya pili ni ya kulala, ya tatu unaanza kusikia harufu ya chakula bila kuchukia. Chinsaga chungu ndiyo mboga iliyokubali kukaa tumboni. Dozi ya pili mgomba ulikuwa umefika gotini. Dozi ya nne, nilipokosa nguvu hata ya kufunga kifungo, ulikuwa umenipita kimo, na Nyakundi alinibeba kila jioni akaniketisha chini yake bila kuuliza sababu. Alinifungia vifungo miezi ile yote, alinichania nywele chache zilipoanza kuota. Kidogo kidogo nilianza kumrudia.

Ombati alikuwa akipita. Alijua siku zangu za dawa, na alikuja kesho yake. "Shemeji, unaendeleaje?" akauliza, huku macho yakipima mashavu yangu. Watu waliniletea maneno yake: dawa itamaliza kazi. Basi siku hizo nilijikaza, nikanawa uso, nikavaa gauni la Sabato na leso ya njano, nikamngojea nimekaa juu ya kaburi langu. Nikimwona amefika kwenye lango naanza kuimba. Akiondoka naomba ndoo.

Dozi ya sita iliisha wakati wa baridi ya Julai. Nairobi walinipiga picha, daktari yule yule akaitazama muda mrefu, akasema hakuna kinachokua. Hakuahidi zaidi ya hapo na sikumwomba. Nilipanda basi nikalala hadi Kericho.

Mgomba ulitoa ua mwishoni mwa mwaka, na mkungu ukakomaa masika yalipokaribia. Ulikuwa mkungu mkubwa. Nyakundi aliukata, nikauning'iniza jikoni juu ya moshi mpaka ukaiva, kisha nikaita watu Jumapili kushukuru. Walikuja wanawake wa kanisa, wazee, mchungaji. Ombati alikuja na mke wake, kwa sababu asingekuja ingeonekana.

Tulisali, tukala ugali na kuku. Mchungaji akasimama kusema juu ya upatanisho, akaniomba mimi na shemeji tushikane mikono. Nikasema, "Mchungaji, mkono ni kitu kidogo. Acha nimpe chakula." Nikaleta sinia la ndizi mbivu nikaliweka mbele ya Ombati.

"Hizi ni za mgomba ule," nikasema. "Zimekula nywele zangu. Shemeji, wewe husema hukujua nilikuwa mzima. Mimi nimechoka kubishana. Kama hukujua, kula moja."

Zamani watu wetu walikuwa na kiapo cha namna hiyo: unakula kitu, na kama umedanganya kinakufuata hadi ndani ya nyumba yako. Sisi watu wa Sabato tumeyaacha hayo. Mchungaji alifungua mdomo kunikataza, akaufunga. Nyumba nzima ilikuwa inaangalia mkono wa Ombati.

Alichukua ndizi. Akaimenya nusu. Mke wake alimtazama, akasema polepole kwa lugha yetu, "Kula, baba watoto." Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso. Aliileta karibu na mdomo, akaishusha. Akaileta tena. Kisha akaiweka kwenye sinia, taratibu, akachukua kofia yake, akatoka. Mke wake alibaki amekaa, akajifunika uso kwa leso.

Sabato iliyofuata kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na hajakirudia.

Mimi niliichukua ile aliyoirudisha, iliyomenywa nusu, nikamaliza kuimenya nikaila yote mbele yao. Mikono yangu yote miwili ilitii. Moraa aliuliza kama ni tamu, nikampa ya kwake, naye akala, na Nyakundi akala, halafu wengine mmoja mmoja.

Wewe unayekwenda Nairobi, maliza siku zako zote za mashini, hata ukisikia wamekuzika. Kula uji. Na nywele zikianza kudondoka, ziokote, zifunge, uzibebe mwenyewe mpaka nyumbani. Usimpe mtu.